Kiti Tulichokipa Friji

Wazo la kwenda jangwani lilikuwa la mhandisi. Kigoma haina jangwa, hilo hata mtoto wa darasa la tatu analijua, lakini mhandisi alikuwa ameangalia video nyingi mno za wanaume wenye miwani ya jua wakivusha magari juu ya vilima vya mchanga, na video zikishamwingia mtu kichwani hazitoki kwa dawa. Alikuwa na mkonga wa zamani alioununua kwenye mnada, Landkruza lenye bomba la hewa linalopanda ubavuni hadi usawa wa paa, na gari lile lilikuwa halijavuka kitu kigumu kuliko matuta ya barabara ya Kasulu mjini. Jambo hilo lilimkera. Kila Jumamosi alituambia kwamba mwanaume mwenye mkonga ambaye anaishia kuupeleka kanisani anaudhalilisha.

Tulikuwa watatu kwenye meza ya nyama choma: yeye, afisa ardhi, na mimi. Cheti changu kinasema ni tabibu, ila watu wa Kasulu waliniita daktari na mimi sikuwahi kumsahihisha hata mmoja. Sote tulikuwa watu wa barua za uhamisho. Tulikuwa tumekaa Buha, nchi ya Waha, miaka sita, saba, na bado tuliongea habari za wenyeji kana kwamba ndio waliotuhamia sisi. Tulicheka Kiswahili chao, tulicheka salamu zao ndefu, tulicheka ugali wao wa muhogo huku tukiumaliza. Nayasema haya mapema ili mtu asije akatupenda bure.

Afisa ardhi ndiye aliyetutafutia jangwa. Alifungua ramani ya satelaiti kwenye simu, akaivuta mashariki ya Kibondo kuelekea bonde la Malagarasi, akatuonyesha pori lisilo na barabara. Mwezi wa tisa, alisema, nyasi zote huwa zimeungua, vijito vimebaki mikanda ya mchanga, na mtu anaweza kwenda siku nzima asione maji. "Ni jangwa lenye miti tu," alisema. Mhandisi alilipia nyama yote siku ile.

Tulipanga kwa wiki saba. Orodha niliiandika mimi, nyuma ya bango la chanjo nililolitoa kazini. Dizeli madumu manne, maana ukishaiacha Kibondo nyuma huko porini hakuna kituo. Spea mbili. Jeki ndefu ya kunyanyua gari kwenye bampa, na kipande cha ubao mnene cha kuiwekea chini isizame. Mbao mbili za mninga, kila moja urefu wa mtu, za kutandika mbele ya matairi. Koleo, kamba ya kuvutia, pampu ya upepo. Chujio jipya la hewa, kwa sababu majivu ya nyasi huziba injini kuliko vumbi. Mhandisi alitufundisha kupunguza upepo kwenye matairi ili yatambae juu ya mchanga badala ya kuuchimba, akituonyesha kwa viganja juu ya sahani ya nyama. Sikatai, nilifurahi. Kupanga safari ile kulinipa raha kuliko jambo lolote nililolifanya Kasulu, na kazi yangu Kasulu ilikuwa kuzalisha wanawake.

Tulichokosa ni njia. Picha za satelaiti zilituonyesha miti na vijia vinavyogawanyika kila baada ya hatua chache, na hakuna kati yetu aliyejua kipi kinafika mahali na kipi kinaishia kwenye shimo lililochimbwa na mnyama mhanga.

Mlinzi wangu alijua.

Alikuwa mzee wa Heru Juu, akilinda geti la nyumba yangu kuanzia jioni hadi asubuhi. Zamani alikuwa mrina asali. Alianguka kutoka juu ya mti akiwa na mzinga mikononi, nyonga ikaunga vibaya, na tangu hapo alitembea akijivuta upande mmoja. Kilomita mbili kwake ilikuwa kazi ya nusu siku. Kila asubuhi alinipokea mlangoni akipiga makofi taratibu kama Waha wanavyosalimia, "Mwakeye, daktari," kisha akauliza nilivyolala, nyumbani nilikotoka, wazazi, kazi, afya, kwa mpangilio uleule, na hakuruka hata kimoja. Mimi nilimjibu huku nikiwasha pikipiki.

Jioni moja aliliona bango likiwa limetandazwa barazani, na michoro ya afisa ardhi juu yake. Aliinama akaangalia kwa muda mrefu, akaweka kidole kwenye mstari tuliouchora kwa kalamu nyekundu.

"Hapa mtazama," alisema.

Nilimuuliza amejuaje. Akasema amevusha asali pale kwa baiskeli miaka ishirini, na baiskeli yenye madebe mawili ya asali haifichi kitu: inazama palepale gari litakapozama. Nilimwekea kigoda. Asubuhi nne mfululizo, kabla hajaenda kulala, alinipa njia nzima. Hakujua kilomita. Alihesabu kwa mizinga. Fuata mgongo wa mlima mpaka kwenye mininga mitatu iliyokatwa alama ya msalaba wenye mkia, hiyo ilikuwa alama yake. Teremka kushoto. Ukifika kijito cha kwanza usivuke kwenye mchanga mweupe, nenda chini mpaka uone mchanga wenye changarawe, hapo baiskeli hupita. Kijito cha pili vuka asubuhi tu, mchanga ukiwa bado na umande, kwa maana jua likiupata unalegea. Niliandika kila neno. Jumamosi niliwasomea wenzangu, na mhandisi akanipiga begani kama vile njia nimeigundua mimi. Nilimwacha anipige.

Asubuhi ya nne, alipomaliza, mzee hakuinuka.

"Daktari, mimi nina neno."

Neno lilikuwa binti yake, kitinda mimba. Aliolewa ng'ambo ya pori lile, kwenye kitongoji cha nyumba saba ambapo njia yake ya asali ilikuwa ikiishia. Simu hazishiki huko. Warina asali walikuwa wamemletea habari: ana mimba ya miezi saba, miguu na uso vimevimba, kichwa kinamuuma mchana kutwa, na anaona nyota kukiwa kweupe.

Nilijua ni nini kabla hajafika mwisho wa maneno. Kinaitwa kifafa cha mimba, na dalili hizo ndizo mlango wake. Mwanamke wa namna hiyo hatakiwi kukaa kijijini hata siku moja.

"Kwa nini mumewe hamleti hospitali Kibondo?" nilimuuliza.

Akanieleza bila kuficha. Miaka mitatu nyuma binti alikorofishana na mumewe akakimbilia kwao Heru Juu, akakaa hadi maharage yakavunwa. Mume alimfuata na wajomba zake, wazee wakakaa, na ikaamuliwa mbele za watu kwamba mwanamke yule hatavuka tena ua wa mumewe kwenda mbali ila baba yake mzazi aje mwenyewe, asimame uani, amwombe. Si mama yake, si kaka yake, si mwenyekiti wa kijiji. Mzee mwenyewe alilikubali neno hilo kwa mkono wake. "Yule kijana si mbaya," alisema. "Ila neno analishika. Akimpeleka yeye mwenyewe, wajomba zake watasema kalivunja. Akinikabidhi mimi, hakuna mwenye neno."

Kisha akaomba. "Nipeni kiti kimoja. Nisimame pale uani, nimwombe, tumlete Kibondo. Kurudi yeye akae, mimi nitakaa hata juu ya madumu."

Nikamwambia kiti ni chake. Nilimpa mikono yote miwili. Akapiga makofi, safari hii bila kuuliza habari za wazazi wangu.

Siku mbili kabla ya safari, friji lilifika kutoka Dar. Lilikuwa friji la gari, dogo, la kijivu, lenye taa ya buluu, mhandisi aliliagiza baada ya kuona kwamba wanaume wa kwenye video wote wanalo. Tulilipokea uani kwake kama bibi harusi. Tulilijaza bia na nyama ya mbuzi ili kulijaribu, tukaanza kupanga mizigo garini, na ikawa wazi kwamba nyuma, baada ya madumu, mbao, hema, spea na jiko la mkaa, nafasi iliyobaki kwenye benchi ni moja. Ndiyo nafasi ya pekee iliyofikiwa na waya wa umeme.

"Friji au mzee," mhandisi alisema. "Amua wewe, ni mgeni wako."

Afisa ardhi akaongeza, "Kwa hiyo hema moja tutalala sisi na mlinzi wako?" Wakacheka. Na mimi nikacheka.

Nimekuwa nikijitetea kichwani tangu siku ile, na sijapata utetezi hata mmoja wa kunyooka. Sikuwa nimesahau ugonjwa. Dalili nilizijua kuliko mtu yeyote pale uani. Ukweli ni kwamba niliona haya. Niliona haya kukaa siku tatu benchi moja na mtu anayenifungulia geti, kumsikia akisalimia kila kiumbe njiani, kunusa moshi kwenye koti lake, na kuwaona wenzangu wakinitazama naye. Nikajiambia kwamba gari ndilo lililokuwa linahitajika, na gari lipo; kwamba kurudi, bia ikiisha, friji litapanda juu ya paa binti akae; na kwamba daktari akisema mgonjwa aondoke, mgonjwa huondoka. Nikasema friji. Mzee sikumwambia jioni ile, wala kesho yake.

Siku ya safari alikuja kabla jua halijatoka juu ya migomba. Alikuwa ameoga, amevaa koti refu lililofuliwa, na mkononi ana mkeka mpya uliokunjwa, kwa ajili ya binti kulalia njiani, chupa ya uji, na doti ya khanga. Mhandisi alikuwa tayari kwenye usukani. Nilishuka nikamvuta mzee pembeni ya geti.

"Mzee, wewe utabaki. Gari limejaa. Tutamleta sisi."

Aliangalia ndani ya gari. Aliliona friji limefungwa mkanda kwenye kiti.

"Mumewe hatamtoa," alisema. "Nilikwambia, daktari."

"Mimi ni daktari. Atamtoa."

"Atauliza, baba yake yuko wapi."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Hapo akafikiri kidogo, akasema neno ambalo mimi mwenye simu ya bei mbaya sikulifikiria. "Basi nirekodi. Nimsalimie mkwe, nimwombe kwa sauti yangu. Sauti yangu anaijua, ataikubali."

Nilitoa simu mfukoni. Akaanza kupiga makofi ya salamu, taratibu, ajitengeneze aseme kama inavyotakiwa, na mimi nikajua kwamba kabla hajafika kwenye ombi atapita kwa wajomba wote wa mkwe, na ng'ombe, na mavuno. Mhandisi akapiga honi. Akapiga tena. Nikarudisha simu mfukoni. "Haina haja, mzee," nilisema, nikachukua mkeka, uji na khanga, nikapanda. Nilipogeuka alikuwa bado ameshikanisha viganja.

Safari ilikuwa nzuri. Ingekuwa mbaya ningepumzika kidogo moyoni, lakini ilikuwa nzuri. Tulipita njia panda ya Nduta, wanawake wa kambi ya wakimbizi wakisubiri bodaboda na viroba vya mgao, tukanywa chai Kibondo, na saa sita mchana tulikuwa tumeshaiacha barabara. Kila kitu kilikuwa pale mzee alipokisema. Mininga mitatu na alama ya msalaba wenye mkia. Mchanga mweupe, tukaushuka pembeni hadi kwenye changarawe, tukatoa upepo kwenye matairi, tukatambaa tukavuka. Mhandisi alipiga kelele za furaha hadi sauti ikamkauka. Jioni tulikunywa bia baridi katikati ya miti iliyoungua, miguu imekuwa myeusi kwa majivu, na afisa ardhi akasema hakuna mtu wa Dar anayeishi maisha haya. Mbao za mninga hatukuzishusha hata mara moja. Kijito cha pili tulikivuka kesho yake kukiwa na umande.

Saa nne asubuhi tukaingia kitongojini.

Mume wa binti alitoka kutulaki na viti vitatu na maji ya kunywa. Alikuwa kijana mrefu, mpole, na aliponisalimia alinishika mkono kwa mikono miwili. Binti alikuwa amekaa kivulini kwenye ngozi ya mbuzi, amenyoosha miguu. Nilimwekea pembeni mkeka, uji na khanga. Nilibonyeza mfupa wa mguu wake kwa kidole gumba, na shimo likabaki. Uso ulikuwa umejaa hadi macho yamekuwa madogo. Kipimo cha presha sikuwa nacho. Jiko la mkaa nilikuwa nalo.

Nikamwambia mume kwamba mkewe anaondoka nasi sasa hivi. Nilieleza hatari yote, kwa lugha ya kituo cha afya na kwa lugha ya kawaida. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akainuka, akaenda hadi kwenye gari, akachungulia madirisha ya upande huu na upande ule, akarudi.

"Gari limetoka kwa baba mkwe," alisema. "Mkeka huu ni wa nyumbani kwao, naujua ufumaji wake. Yeye mwenyewe yuko wapi?"

Wenzangu walikuwa wamesimama nyuma yangu. Binti alikuwa ameinua uso. Ningeweza kusema: tumemwacha, kiti chake tumekipa friji. Maneno yale ni machache, na ningeyasema yule kijana angetutukana, na mwenye akili kati yetu angesema turudi tukamchukue. Lakini friji lilikuwa linaonekana pale kupitia dirishani, lina taa ya buluu, na sikuweza kulitaja.

"Mzee hakutaka kuja," nilisema.

Afisa ardhi alinitazama, akatazama chini. Mhandisi akakohoa.

"Kama mwenye mtoto hakutaka," mume wa binti alisema, "mimi nitamkabidhi nani?" Hakusema kwa hasira. Nilibembeleza, nikatisha, nikataja polisi, na aliendelea kunijibu kwa adabu ileile. Wajomba wawili walitoka majumbani wakasimama karibu yake. Nikamgeukia binti nikamwambia yeye ni mtu mzima, aamue. Alikuwa akiikunja ile khanga, pembe kwa pembe. Akasema, "Kama baba hakutaka, nabaki."

Tulikuwa na siku moja ya ziada kwenye mpango wetu. Siku hiyo tungeweza kuitumia kuanza safari ya haraka ya kurudi Kasulu kumchukua mzee. Mpango ulisema mtoni, kupiga picha viboko. Tulikwenda mtoni.

Niliporudi nilimwambia mzee kwamba mkwe wake amekataa. Sikuongeza neno. "Nilisema," alijibu, na asubuhi ile hakupiga makofi. Mwisho wa wiki aliomba ruhusa, akapanda basi hadi Kibondo, akatafuta bodaboda wa kumvusha pori. Wawili walikataa. Wa tatu alimfikisha kwenye mchanga mweupe, hakumsikiliza alipomwambia washuke hadi kwenye changarawe, pikipiki ikazama, wakarudi. Mhandisi nilimwomba gari mara moja, kwa sauti ndogo, akasema liko kwa fundi. Sikuomba tena.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha warina asali walipokuja Kasulu na madebe yao. Binti alikuwa amefariki kwa degedege, na mtoto tumboni. Walishamzika.

Asubuhi iliyofuata nilitoka nikamkuta mzee amesimama mlangoni pangu badala ya getini. Nilimpa pole. Aliipokea. Kisha akaniuliza, kwa sauti ileile aliyokuwa akiniulizia habari za nyumbani:

"Wanasema ulimwambia mimi sikutaka. Ni kweli, daktari?"

"Ni kweli, mzee."

"Na yeye alikuwepo, alisikia?"

"Alisikia."

Aliangalia mikono yake. Nilisubiri anitukane, nilitamani kabisa anitukane, nilikuwa nimesimama pale nikilisubiri tusi kama mtu anayesubiri mshahara.

"Alilia?" aliuliza.

"Hakulia," nilisema, na huo ulikuwa ukweli.

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Angekuwa na shaka angelia. Basi aliamini," alisema, akajivuta kwenda kunifungulia geti, kwa maana nilikuwa nachelewa kazini.